Nani Ataezeka?

Katika mjadala wa Jumamosi ya pili ya muhula huu, Chama cha Majadiliano cha shule yetu kilipewa hoja hii: "Wananchi wachangie maendeleo ya mtaa wao hata kama wanalipa kodi." Mimi nilikuwa upande wa wapinzani, na upande wetu ulishindwa vibaya sana. Sababu moja ya kushindwa ni kwamba kila msemaji alipewa dakika tatu tu, na dakika tatu hazimtoshi mtu mwenye jambo la kusema. Sababu ya pili, ambayo sina budi kuikiri mbele ya wasomaji wote, ni kwamba nilisema watu wasichange kabisa, neno ambalo hata mimi mwenyewe sikuliamini. Basi nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika kurasa hizi niseme lile ninaloliamini.

Mji wetu wa Mwanza una halmashauri mbili: ya Jiji, upande wa Nyamagana, na ya Manispaa ya Ilemela, iliyotengwa mwaka 2012. Kama halmashauri nyingine zote za nchi hii, hazina fedha za kufanya kila kinachotakiwa. Kwa hiyo huwaita wananchi washirikiane nazo. Wananchi watoe mawe, mchanga, maji na nguvu zao, wajenge kuta mpaka kwenye lenta. Kisha Halmashauri ilete kenchi, mabati, milango na sakafu. Jambo hilo huitwa nguvu za wananchi, na zile kuta zinazosubiri paa huitwa maboma. Hapana mtu aliyekulia Tanzania ambaye hajapata kuona boma.

Mimi siupingi ushirikiano huo. Ninaloupinga ni utaratibu wake, yaani mwananchi kuitwa kwanza, na fedha za paa kutafutwa baadaye. Nasema fedha za paa zitengwe kwanza, ziandikwe, watu wazione kwa macho yao, ndipo tuitwe kubeba mawe.

Nitaeleza niliyoyaona. Sitautaja mtaa wetu wala kata yetu, wala sitasema tuko katika halmashauri ipi, kwa sababu sikusudii kumshtaki mtu. Nyumba yetu iko mlimani, katikati ya yale mawe makubwa ambayo wageni hupenda kuyapiga picha. (Ni rahisi kuyapenda ikiwa huna haja ya kupanda nayo na ndoo ya maji kichwani.) Mama yangu hupasua kokoto. Wengi wenu mmeiona kazi hiyo: jiwe huwashiwa moto mpaka likapata nyufa, hupigwa kwa nyundo kubwa, kisha mtu huketi chini na kuviponda vipande kimoja kimoja kwa nyundo ndogo tangu asubuhi hadi jioni. Kokoto huuzwa kwa ndoo, na mnunuzi mkubwa akija huuzwa kwa lori.

Mwaka 2020 nilikuwa darasa la tano. Shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, zikafunguliwa tena mwishoni mwa Juni. Tuliporudi tulikuta chumba ni kile kile na sisi ni wale wale, nasi tulikuwa wengi mno; walioketi nyuma waliketi sakafuni, na aliyeitwa ubaoni ilimpasa kuruka magoti ya wenzake. Mwezi wa Agosti mkutano uliitishwa. Wazee wakakubaliana kujenga vyumba viwili vya darasa. Kila kaya itoe kokoto, au mchanga, au siku nne za kazi, na asiye na nguvu atoe fedha. Ofisa mmoja aliyekuja siku hiyo alisema kwamba kuta zikifika kwenye lenta, paa litakuja. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya jiwe pamoja na watoto wengine, nikamsikia kwa masikio yangu. Watu wakapiga makofi.

Mama alitoa ndoo thelathini za kokoto. Naomba msomaji asiipite hesabu hiyo upesi. Ndoo thelathini hazikutoka ghalani kwa mtu aliyekuwa na ziada. Zilikuwa kokoto ambazo angeziuza, na kwa fedha hizo tungenunua unga na dagaa. Alizitoa kwa furaha, na wiki ile tulikula mara moja kwa siku, nasi hatukunung'unika, maana tulijua tunajenga chumba chetu wenyewe. Sisi watoto tulibeba mawe kila Jumamosi. Kuta zikasimama kabla mvua za vuli hazijaisha. Siku ya kumwaga lenta akina mama walipika uji wa watu wote, na fundi alituahidi sisi wadogo kwamba tutaandika majina yetu kwenye saruji mbichi, kisha akatufukuza tulipotaka kufanya hivyo.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 2022, na paa lilikuwa halijaja. Likizo iliyopita nilikwenda kulitazama lile boma. Matofali ya juu yameanza kumomonyoka kwa mvua. Ndani umeota mpapai, nao umekwisha kuzaa. Mbuzi wa jirani hupumzika humo wakati wa jua kali. Mdogo wangu wa kike yuko darasa la nne sasa, naye anasomea katika chumba kile kile nilichosomea mimi, na anaketi sakafuni. Niliwauliza watu wazima watatu kwa nini paa halikuja, nikapata majibu matatu. Wa kwanza alisema fedha hazikutengwa kamwe. Wa pili alisema zilitengwa lakini zikahamishiwa kwenye jambo la haraka zaidi. Wa tatu alisema tuandike barua. Huenda wote watatu walisema kweli.

Lakini hasara kubwa si lile boma. Mwaka jana watu wa mtaa wetu waliitwa tena, safari hii kuchimba mtaro wa maji ya mvua, kwa kuwa maji yanayoshuka mlimani yamekula njia na kukaribia misingi ya nyumba. Walikuja watu kumi na mmoja. Mwaka 2020 walikuja wengi hata sepetu zikapungua, watu wakapokezana. Mama yangu hakwenda. Nilipomwuliza sababu, hakunijibu, akaendelea kuponda.

Babu yangu, ambaye anakaa Magu, nilipomsimulia habari hii alinikumbusha desturi ya Usukuma. Zamani vijana walikuwa na umoja wao, basumba, chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale. Mtu mwenye shamba kubwa aliweza kuwaita waje wamlimie, nao walikuja kwa ngoma na nyimbo, wakamaliza kwa siku moja kazi ambayo yeye na mkewe wangeifanya mwezi mzima. Lakini mtu huyo alitakiwa awe amekwisha kuandaa kitu chao: ng'ombe, au mbuzi, au pombe na chakula, kadiri ya shamba lilivyokuwa. Hakuwaita kwanza akaenda kutafuta mbuzi jioni. Nikamwuliza, "Babu, je, mtu akiwaita naye hana kitu?" Babu akacheka, akasema, "Huyo alilimiwa mara moja tu."

Rafiki yangu mmoja, aliyekuwa upande wa watetezi katika ule mjadala, husema kwamba haya ni mambo ya mtaa mmoja, na kwamba nisiihukumu nchi kwa boma moja. Ni kweli. Lakini hata historia tunayofundishwa inaonyesha kwamba jambo hili lina umri mkubwa kuliko wazazi wetu. Baada ya Uhuru mwaka 1961, wananchi wa Tanganyika walijitolea kwa wingi kujenga shule, zahanati, visima na barabara. Walijenga kwa nguvu hata Serikali ikashindwa kwenda nao sambamba, kwa sababu shule inataka mwalimu na zahanati inataka mganga na dawa, nazo fedha za mambo hayo hazikuwamo katika makadirio ya mwaka. Majengo mengine yalikaa bure. Waliojenga hawakuwa na kosa, na huenda hata Serikali haikuwa na nia mbaya. Pande mbili zilianza safari moja bila kuulizana nani amebeba nini.

Kisha ikaja miaka ambayo mabaraza yenyewe hayakuwako. Yalivunjwa mwaka 1972, na ya miji yakarudishwa mwaka 1978, baada ya watu kuona jinsi usafi wa miji ulivyoharibika. Sheria za serikali za mitaa tulizo nazo msingi wake ni zile za mwaka 1982. Katika somo la Uraia tumejifunza kwamba Katiba, ibara ya 146, yataja madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa kuwa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Nami nauliza, je, mtu mwenye madaraka huambiwa alete mawe na kusubiri? Aliye na madaraka huulizwa, naye huuliza.

Sasa nije kwenye fedha, maana huko ndiko mjadala wetu ulikoharibikia. Wasemaji wa pande zote walikuwa wakisema "fedha za Serikali" kana kwamba ni gunia moja. Halmashauri ina fedha za namna mbili. Kuna ruzuku kutoka Serikali Kuu, ambayo mara nyingi huja ikiwa imekwisha kuandikiwa kazi yake. Kuna na mapato ya ndani: ushuru wa masoko na stendi, leseni za biashara, ushuru wa huduma, na ushuru wa mazao na samaki, ambao kwetu sisi watu wa ziwa si mdogo. Kodi ya majengo nayo, tangu mwaka 2021, hukatwa mtu anaponunua umeme. Kwa hiyo mwenye nyumba mlimani anayenunua umeme wa shilingi elfu chache amekwisha kulipa kodi hiyo, hata kama hajui. Zaidi ya hayo kuna Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao watu wengi huufahamu kwa sababu ya mabati na saruji unazonunua.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo maombi ya mitaa hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwenye Halmashauri, madiwani wakapima lipi liingie na lipi lisubiri. Jambo lisiloingia katika makadirio hayo halina fedha, hata likiahidiwa mbele ya mkutano mkubwa namna gani. Basi mtazameni yule ofisa wetu wa mwezi wa Agosti. Makadirio ya mwaka ule yalikuwa yamekwisha kupitishwa. Paa aliloliahidi, ikiwa halikuwamo, lingeweza kuingia katika mwaka wa fedha wa mbele tu, nalo lingeshindana na maboma ya mitaa mingine yote. Kama angetueleza hivyo wazi, huenda tungesema, "Haya, tujenge chumba kimoja badala ya viwili," au, "Tungoje mpaka Julai." Lakini hatukuelezwa, na hapana hata mmoja kati yetu aliyejua kwamba anapaswa kuuliza. Nasema hapana hata mmoja, maana nimewauliza wengi.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo lingetupatia ushindi kama ningelikumbuka ndani ya zile dakika tatu. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwakopeshe wananchi bila riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwezi wa Aprili 2023, baada ya ukaguzi kuonyesha kwamba fedha nyingi hazikurudishwa, ikaanza tena mwaka 2024 kwa masharti mapya. Kikundi kinachotaka mkopo huo lazima kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, majina ya wanachama, akaunti ya benki na maelezo ya kazi kinayotaka kufanya. Nami nasema ni sawa kabisa! Fedha ni za umma, na mtu anayekopa aandikwe.

Lakini ndoo thelathini za mama yangu zilikuwa nini? Nazo zilikuwa mkopo. Alizitoa ili baadaye apate kitu, yaani darasa lenye paa. Mkopo ule haukuandikwa popote. Haukuwa na tarehe ya kurudishwa, wala mdhamini, wala mkaguzi wa kuuliza umefika wapi. Halmashauri ikimkopesha mwananchi, karatasi hujaa meza. Mwananchi akiikopesha Halmashauri, hupewa makofi. Huu si ushirikiano wa watu wawili walio sawa, na mimi sioni sababu kwa nini usiwe sawa.

Najua nitaambiwa nini. Nitaambiwa kwamba tukingoja fedha ziwepo kwanza hatutajenga kitu, kwa kuwa haziwezi kuwapo zote. Nitajibu kwa mfano ambao sote tuliuona tukiwa shule ya msingi. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mapambano na UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchi nzima: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20. Waliojenga walikuwa mafundi wa kawaida, wa kutoka mitaa na vijiji vile vile, nao walimaliza kwa miezi michache. Mafundi hawakuwa wamepata akili mpya mwaka ule. Fedha zilitangulia, basi. Bila shaka hatuwezi kukopa trilioni kila mwaka, na wala sisemi tukope. Nasema kwamba halmashauri yenye fedha za kuezeka maboma matano iwaite watu wa mitaa mitano, isiwaite wa mitaa ishirini. Mitaa kumi na mitano itakasirika mwaka huo. Afadhali hasira ya mtu aliyeambiwa "bado zamu yako" kuliko ya mtu aliyebeba mawe kisha akasahauliwa.

Hata milimani kwetu kuna mfano mwema, nami sitaki kuuficha kwa sababu tu unaisifu serikali. Katika milima kadhaa ya mji huu, kama Mabatini na Igogo, yamelazwa mabomba madogo ya maji taka yanayopita kati ya nyumba na nyumba, mahali ambapo gari la kunyonya choo haliwezi kupanda kamwe. Kazi hiyo ilisimamiwa na Mamlaka ya Maji ya Mwanza kwa fedha za Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Haiwezekani kulaza bomba kama hilo bila jirani kukubali lipite uani kwake, na majirani walikubali. Watu walitoa walichokuwa nacho, yaani nafasi, kwa sababu upande wa pili ulikuja na mabomba mkononi. Maji machafu ambayo zamani yalishuka kwa mifereji mpaka Mto Mirongo, na kutoka huko mpaka ziwani tunakochota na kuvua, sasa angalau sehemu yake ina njia yake.

Wako waliokwenda mbali zaidi yetu. Katika mji wa Porto Alegre, nchini Brazil, tangu mwaka 1989 baraza la mji lilianza kuwakutanisha wakazi wa kila sehemu wajadili sehemu ya bajeti: barabara ipi itangulie, mfereji upi, shule ipi. Utaratibu huo ulisifiwa na kuigwa katika nchi nyingi, ingawa kwao wenyewe baadaye ulidhoofika. Sipendi sana kutaja nchi za mbali, maana wasemaji wetu wakikosa hoja hukimbilia Ulaya na Marekani. Lakini jambo moja la Porto Alegre lafaa kuigwa hata katika mtaa mdogo. Mikutano ya mwaka ilianza kwa kutoa hesabu ya mwaka uliopita: tuliahidi hili, tumefanya hili, hili halikufanyika na sababu yake ni hii. Ndipo mazungumzo ya mambo mapya yaliporuhusiwa. Hebu fikirini mkutano wa mtaa wetu wa mtaro ungeanza namna hiyo! Mtu angesimama akasema, "Ndugu zangu, kabla ya mtaro, lile boma." Hata kama jibu lingekuwa baya, nadhani wangekuja zaidi ya watu kumi na mmoja.

Hapa nchini tunao utaratibu uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambao kwa huo watu wa kijiji au mtaa hukaa na kupanga wenyewe mambo yao. Kwa hiyo sitaki tuletewe kitu kigeni. Nataka karatasi moja tu ibandikwe penye ofisi ya mtaa kabla ya jiwe la kwanza kubebwa: wananchi watatoa nini, Halmashauri itatoa nini, fedha hizo ziko katika mwaka upi wa fedha, na nani ameweka sahihi. Karatasi yenyewe haigharimu shilingi mia mbili. Nadhani wengine wataiogopa kwa sababu hiyo hiyo, maana neno la mdomo huweza kukanushwa, na karatasi yenye sahihi ni shida kuikanusha.

Nisingetenda haki kama ningewasifu wananchi wenzangu peke yao. Wakati wa ujenzi ule mifuko miwili ya saruji ilipotea usiku, na sote tulijua haikuchukuliwa na Halmashauri. Kaya nyingine hazikutoa hata ndoo moja, na watoto wao wangesoma katika chumba kile kile. Jirani mmoja mwenye duka alitoa fedha zake kwa sharti kwamba jina lake litajwe katika mkutano, akapewa kiti cha mbele. Tena wako wanaosema kwamba tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 hawana wajibu wowote juu ya shule, maneno ambayo mimi mwenyewe niliyasema katika mjadala na kupigiwa kelele, na kelele zile zilinistahili. Ada iliondolewa, mikono ya wazazi haikuondolewa. Karatasi ninayoitaka ingewaonyesha wavivu hao pia, kwa kuwa majina ya waliotoa yangeonekana, na ya wasiotoa yangeonekana kwa kukosekana kwake.

Watetezi walisema jambo moja ambalo sikuweza kulijibu siku ile na hata leo siwezi kulijibu lote. Walisema kwamba kitu ulichokijenga kwa mkono wako hukilinda, na ulichopewa hukiacha kiharibike. Ni kweli. Madirisha ya bweni letu yangedumu zaidi kama sisi tungekuwa ndio tuliyoyatengeneza, na viranja wanajua nasema nini. Lakini nimekwisha kuona pia jinsi mtu anavyokitazama kitu alichokijenga kwa mkono wake kikabaki nusu. Hapiti karibu nacho. Mama yangu huzunguka njia ndefu ya chini akienda sokoni, ingawa njia ya mkato hupita penye boma.

Mkutano wa mtaa ni wa watu waliotimiza miaka 18. Mimi nitatimiza mwezi wa Februari, baada ya mtihani wa kidato cha nne, na tangu hapo nitakuwa na haki ya kuketi katikati ya watu, si juu ya jiwe. Siku ya wazazi kututembelea mama alikuja na karanga na habari kwamba mtaa utaitishwa tena, na kwamba safari hii inasemwa ni juu ya boma letu. Nikamwuliza kama atakwenda. Akasema atakwenda. Nikamwuliza kama atatoa kokoto akiombwa. Akafikiri kidogo, akasema atatoa, lakini kwanza atauliza mabati yako wapi, na ndoo zake atazihesabu mwenyewe na kuziandika. Kisha akaniomba daftari. Nilimpa langu la Hesabu la mwaka jana, ambalo nusu ya kurasa zake bado ni nyeupe.